Pumzi ya Silinda ya Tatu

Mwezi uliopita gari langu lilikataa kupanda kilima nje kidogo ya Kibwezi, kilima ambacho hata mbuzi mwenye mimba angekipanda huku anatafuna. Ni gari la umri wa wanafunzi wangu wa chuo kikuu na, kama wao, hufanya kazi likibembelezwa. Kijana mmoja fundi, mwenye gereji ya mabati kando ya barabara ya Mombasa, alifungua boneti, akaacha injini ipoe, akachomoa plagi na kuchomeka mahali pake geji yenye mpira mrefu. Akaniambia nipige stata. Nikapiga, kisha nikashuka kuja kuona. Mshale ulikuwa umepanda kidogo ukasimama, kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

"Umeona, mama? Kompresheni iko chini."

Hapo, rafiki yangu, ndipo nilipojikuta nimefanya jambo la kipumbavu. Nilikuwa nimenyoosha kidole gumba juu ya injini, mkono umetulia, macho nimeyafumba nusu, kama mtoto anayengoja kuambiwa aanze.

"Unataka kushika nini?" kijana akaniuliza.

"Siku hizi hampimi kwa kidole?"

Alicheka mpaka akalazimika kushikilia bampa. "Kidole! Mama, hiyo ni ya kitambo. Hiyo ni ya wakati wa mkoloni."

Haikuwa ya wakati wa mkoloni. Ilikuwa ya juzi tu, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, na kidole chenyewe kilikuwa hiki.

Tuliishi Kilungu, juu kwenye milima, mahali ambapo mashamba yamekatwa matuta kama ngazi na ukungu wa mwezi wa saba huingia ndani ya nyumba bila kubisha. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Alikuwa na pikapu kuukuu, ya kijani iliyokwisha kufifia, aliyoachiwa na Mwingereza mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Ilikuwa pikapu pekee kwenye mgongo wetu wa mlima, kwa hiyo haikuwa ya Baba hata kidogo. Ilibeba saruji ya kanisa, ilibeba kwaya, ilibeba wanawake walioshikwa na uchungu, na ilibeba majeneza, na mara nyingine vitu hivyo vilifuatana kwa haraka kiasi kwamba hatukupata nafasi ya kufagia.

Baba alitufundisha injini kwa pampu ya baiskeli. "Ziba mdomo wa pampu," aliniambia, "sasa sukuma." Nikasukuma, hewa ikabanwa, ikapata joto, ikapigana na kidole changu mpaka ikashinda. "Ndani ya gari ni hivyo hivyo," akasema. Pistoni inapanda ndani ya silinda, inabana hewa na petroli, plagi inatoa cheche, mlipuko unairudisha pistoni chini, na magurudumu yanazunguka. Ringi, zile pete za chuma zilizoizunguka pistoni, kazi yake ni kuzuia hewa isitoroke pembeni. Zikilika, injini inakuwa kama mzee asiye na meno anayejaribu kupuliza moto: mashavu yanajaa, moto hauwaki.

Fundi wa Nunguni, kituo cha soko kilichokuwa karibu nasi, aliliita jambo hilo kompresheni. Susu, yaani nyanya yangu, mama yake Baba, aliliita pumzi. Nimesoma miaka mingi baadaye, nimekaa kwenye maktaba zenye viti vya ngozi, na bado sijapata neno linaloshinda la Susu.

Baba hakuwa na geji. Alikuwa na mimi. Kila Jumamosi, baada ya kuteka maji na kuchambua maharagwe, nilipanda juu ya kreti la soda, nikaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, naye Baba akazungusha injini kwa hendeli kule mbele. Silinda nzima ilikitupa kidole changu nje kwa mlio kama wa kizibo cha chupa. Silinda ya tatu ilikibusu tu.

"Tatu?" Baba aliuliza akiwa ameinama.

"Tatu imelala, Baba."

Kwa sababu ya hiyo tatu, na nyingine zilizoanza kuiga tabia yake, pikapu haikuwaka tena kwa hendeli asubuhi za baridi. Baba aliiegesha juu ya mteremko ulio mbele ya nyumba, ikitazama chini, na mawe mbele ya magurudumu. Asubuhi tuliondoa mawe, ikateremka, akaachia klachi, ikakohoa, ikaamka. Isipoamka kufika chini, waliitwa wanawake wa mwethya, lile kundi la kusaidiana kuchimba matuta shamba kwa shamba. Walikuja na majembe yao begani na midomo yao tayari.

"Mwalimu, hii gari yako inakula muthokoi ya nani? Mbona tunasukuma sisi na inashiba yeye?"

"Sukumeni kwa imani, akina mama!"

"Imani iko. Ni magoti imekataa."

Nao wakasukuma, wakiimba, makalio juu, mpaka moshi wa buluu ukawafunika wote na Baba akapotea kwenye kona akipiga honi ya shukrani.

Hatimaye Baba aliipeleka kwa fundi wa Nunguni, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake na kidole changu, kama daktari anayekwenda kushauriana na mwenzake. Fundi, mtu mwembamba wa kucheka kidogo, alipima mwenyewe. Kisha akachukua mafuta ya injini kidogo tu, akayamimina ndani ya tundu la plagi ya tatu, akaniita. "Weka kidole chako." Akazungusha. Kidole kiliruka kikanipiga kidevuni.

"Imerudi!" Baba akasema. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwaka hivyo.

"Haijarudi, Mwalimu," fundi akasema. "Mafuta imeziba nafasi kidogo. Ikiungua, nafasi iko palepale. Mimi nataka tu kujua kama ni ringi ama ni valvu. Kama ingekuwa valvu, mafuta haingesaidia. Imesaidia, basi ringi zimekwisha. Hii ni kupima. Si dawa."

"Nimeelewa."

"Niachie gari nifungue yote."

"Nitaileta," Baba akasema.

Wewe uliyekulia kwetu unajua "nitaileta" ina urefu gani. Kahawa ilikuwa imeiva, kulikuwa na harusi, kulikuwa na mabati ya kanisa, na kila mmoja aliihitaji pikapu kabla haijakwenda kulazwa. Baba akaanza kutia kijiko cha mafuta ya injini kila ilipogoma, siku moja moja, akisema ni kwa leo tu.

Sasa nikwambie habari za Susu. Susu alikuwa fundi wa mafuta ya mbarika. Alikusanya mbegu zile zenye madoadoa, akazianika juu ya mkeka, akazikaanga, akazitwanga, akazichemsha kutwa nzima na kuengua mafuta yaliyoelea kwa upawa na subira. Watoto wote wa mgongo wetu walizaliwa wakapakwa mafuta yake. Ngozi za viti, mikanda, nywele za maharusi, visigino vya wazee, vyote vilipita mikononi mwake. Lakini maduka ya Nunguni yalikuwa yameanza kuuza mafuta ya mgando yenye harufu ya maua, ndani ya mikebe yenye picha ya mwanamke anayetabasamu. Wateja wakapungua, wakaisha. Sisi wajukuu, na nasema sisi, tulisugua vichwa vyetu kwa majani mtoni kabla ya kufika shuleni ili tusinuke Susu. Yeye aliendelea kuchemsha. Vibuyu vikajaa, vikaning'inia darini mwa jiko lake, na hakuna aliyeviulizia. Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, kama mtu anayepita.

Mimi nilipewa jina lake, kama desturi yetu ilivyo, kwa hiyo aliniita "mimi mdogo." Mimi mdogo, lete kuni. Mimi mdogo, mbona umekonda, unaniaibisha.

Jumapili moja kwaya ilikuwa imealikwa kanisa la ng'ambo ya bonde. Akina mama walikuwa wamevaa, wamejipanga nyuma ya pikapu, na pikapu imefika chini ya mteremko bila kuamka. Baba akafungua boneti, akatikisa mkebe wa mafuta ya injini. Mtupu.

Susu alikuwa amesimama pale na Biblia yake kwapani. "Unatafuta nini, mwana wakwa?"

"Mafuta, mama."

"Ya kupaka wapi?"

Wanawake wakacheka. Baba akamweleza: silinda, ringi, nafasi, pumzi inayotoroka. Susu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka, akapanda mteremko kwa fimbo yake, akarudi amebeba kibuyu na kile kijiko cha mti alichowanyweshea watoto wachanga. "Na haya ni maji?" akasema.

Baba alicheka. Kisha akaacha kucheka, akayatazama yale mafuta. Yalikuwa mazito, ya dhahabu, yakishuka polepole kama mtu mwenye heshima zake. Akamimina. Nikaweka kidole. Hendeli ikazunguka, na kidole changu, nakuapia, nilidhani kimeng'oka.

Plagi iliporudishwa, injini iliwaka mara moja. Moshi uliotoka haukuwa ule wa buluu wa kuwasha macho. Ulikuwa mweupe na mtamu, wenye harufu ya mbegu zilizokaangwa, harufu ya jiko la Susu. Wanawake walipiga vigelegele. Kwa muda wote wa masika yale mgongo wetu wa mlima ulinukia hivyo kila Jumapili, na hata leo ningepewa harufu moja tu ya kuingia nayo mbinguni ningechagua hiyo.

Kanisani Baba alisimama kutoa ushuhuda. Alikuwa msemaji mzuri, na nina wasiwasi kwamba nimerithi ugonjwa huo. "Bwana asifiwe! Gari langu lilikuwa linakufa. Mama yangu amelirudishia pumzi." Kanisa likajibu amina iliyotikisa mabati mapya. Mhubiri akatukumbusha kwamba hata wafalme walipakwa mafuta kabla ya kuanza kazi. Baadaye, nje, jirani yetu mmoja mwenye ulimi alimshika Susu mkono.

"Susu, na mzee wangu ameshindwa kupanda kilima. Nimtilie wapi?"

"Mtilie uji," Susu akajibu, "halafu umwache alale."

Walicheka wakajifunika leso. Lakini mimi nilikuwa namtazama Susu. Jumapili iliyofuata hakukaa benchi la mwisho. Alikaa mbele, mgongo umenyooka, na mikono yake iking'aa mafuta mapajani.

Ulikuwa msimu wa furaha. Sisi wajukuu tuliokota mbegu kando ya mito na mipakani mwa mashamba, tukiwafukuza kuku, maana mbegu ya mbarika huua. Jiko la Susu halikuzima. Watu walipita kumsalimu kwa jina la daktari wa magari, naye alijifanya hapendi. Kila safari, kijiko. Kisha vijiko. Na kila Jumamosi nilipanda kreti langu.

"Tatu?"

"Imesukuma kidogo, Baba."

"Na moja?"

"Moja nayo imeanza kulala."

Akapangusa hendeli kwa kitambaa ingawa haikuwa chafu.

Siku moja nilikuwa nakoroga muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, jikoni, na Mama alikuwa akizungumza na Baba pale mlangoni kwa sauti ya watu wanaodhani mtoto ni chombo cha jikoni.

"Peleka gari kwa fundi, baba watoto. Ulisema ni ya kupima tu. Ulisema mwenyewe."

"Nitapeleka."

"Lini? Unaogopa kanisa litasema ulitoa ushuhuda wa uongo?"

"Kanisa nitalijibu," Baba akasema. "Nitamwambia nini mama yangu?"

Mama alichukua mwiko mkononi mwangu akakoroga mwenyewe, kwa nguvu isiyohitajika.

Mwezi wa saba ukungu ulishuka na haukuondoka. Susu alianza kukohoa. Mwanzoni alisema ni moshi wa jiko, kisha baridi, kisha akaacha kusema. Asubuhi moja tulimkuta ameketi kitandani, mabega yakipanda na kushuka, akivuta hewa kama anayevuta maji kwenye kisima kirefu. Hospitali ya misheni ilikuwa bondeni, upande wa barabara kubwa, na ili kufika huko uliteremka mlima wetu, ukapanda mgongo mmoja mwingine, ndipo ukateremka tena. Kwa gari zima ilikuwa safari fupi.

Baba alimbeba mikononi akamweka kiti cha mbele, Mama akamfunga blanketi, mimi nikapanda nyuma. Susu akaelekeza kidole kwenye jiko lake, na Mama akaelewa, akaleta kibuyu. Baba alitia mafuta silinda zote bila kunitazama. Tukaondoa mawe. Pikapu iliteremka, ikakohoa, ikaamka nusu, na kwa nusu hiyo tulifika chini ya mgongo wa pili.

Pale kilimani ilianza kufa. Ilipanda, ikapunguza, ikatetemeka, ikasimama. Wanawake wa mwethya walikuwa wakichimba matuta shamba la juu. Walipoona ni pikapu ya Mwalimu walianza mizaha yao tangu mbali, na walipoona nani yuko kiti cha mbele mizaha ikaisha. Walitupa majembe. Walisukuma kupanda, kwenye matope ya manyunyu, bila wimbo, na kila hatua waliyopata gari lilijaribu kuwanyang'anya. Mwishowe waliweka jiwe nyuma ya gurudumu wakainama kushika magoti.

Baba akafungua boneti. Alimimina kwa haraka, mafuta yakamwagika juu ya chuma cha moto na ile harufu tamu ikapanda. "Weka kidole," akaniambia. Nikaweka. Akazungusha hendeli mara moja, mara ya pili, akazungusha kama mtu anayepigana.

"Tatu?"

Hakuna kilichonigusa. Tundu lilikuwa kama tundu la ukuta.

"Hakuna, Baba."

"Moja?"

"Hakuna kitu."

Susu aligeuza kichwa dirishani. Sauti yake ilitoka vipande vipande. "Nini... kimekwisha?"

Baba alisimama mbele yake, kijiko cha mti mkononi, akiwa na umri wa miaka mitano kwa jinsi nilivyomwona. "Mafuta, mama," akasema. "Yamepungua kidogo."

Kibuyu kilikuwa nusu. Kilikuwa pale juu ya matope, kila mtu akikiona isipokuwa Susu.

"Basi kesho nitachemsha mengine," Susu akasema. "Mimi mdogo ataniokotea mbegu."

Wanawake waling'oa ubao wa nyuma wa pikapu, wakamlaza juu yake, wakamwinua begani na kuanza kupanda kwa miguu. Alikata pumzi kabla hatujafika juu, karibu na pale ambapo bonde linaanza kuonekana. Hawakusimama. Waliendelea kupanda naye mpaka juu kabisa, nadhani kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushusha bega.

Baada ya mazishi fundi wa Nunguni alikuja mwenyewe na sanduku lake la spana. Alifungua injini pale uani, mbele ya Baba, akatoa pistoni moja baada ya nyingine. Ringi hazikuonekana. Mafuta ya mbarika yalikuwa yameungua, yakaganda kama asali iliyosahauliwa motoni, yakazigandisha ringi ndani ya mifuo yake zisiweze hata kujinyoosha kugusa ukuta wa silinda. Fundi alikwangua kwa kucha, akanusa.

"Mwalimu, hii ni nini?"

Baba alichukua pistoni, akaigeuza mkononi kwa muda mrefu.

"Ni mama huyo," akasema. "Funga."

Fundi alirudisha kila kitu kilivyokuwa, hata zile nati alizojua hazitafunguliwa tena. Pikapu ilisukumwa juu ya mteremko, ikaegeshwa ikitazama chini, mawe mbele ya magurudumu. Miaka ikapita, kuku wakataga kwenye kiti cha mbele, na Baba hakusimama tena kanisani kutoa ushuhuda wa kitu chochote, hata nilipofaulu kwenda chuo kikuu, jambo ambalo kwa hakika lilistahili kuitwa muujiza.

Nilimuuliza mara moja tu, alipokuwa mzee tayari na mimi nimezoea kuulizwa maswali na watu waliolipiwa karo. Tulikuwa tumeketi uani. Alijua nauliza nini kabla sijamaliza.

"Nilijua ni ya kupima," akasema. "Fundi alisema, nami nikasikia. Lakini wewe ulimwona alivyokaa lile benchi la mbele?"

"Nilimwona."

"Basi."

Huenda hospitali ingemshinda pia. Mama alisema siku yake ilikuwa imefika, na majirani wakasema hivyo hivyo, kwa huruma. Baba aliwashukuru wote, na hakuna siku nilipomwona ameamini.

Sasa hakuna tena wa kuuliza. Mbarika zimekatwa mipakani, barabara ya mgongo wa pili ina lami, na binti za wale wanawake wa mwethya hununua mafuta ya nywele kwenye duka lenye taa. Pikapu iliuzwa kama vyuma chakavu nikiwa mbali, nikifundisha vijana maana ya janga katika fasihi.

Pale Kibwezi kijana alichukua chupa ya mafuta. "Mama, nitie kidogo tujue kama ni ringi?" Akatia, nikapiga stata, na mshale ukapanda vizuri sana. Akatabasamu. "Umeona? Imepanda." Aliponiona uso akashtuka. "Aii, usilie mama. Ringi tu hizi. Tunabadilisha."

Nilimwomba atoe geji. Alikataa, kisha akaona afadhali mama mwenye wazimu apewe anachotaka. Nikaweka kidole gumba juu ya tundu, yeye akapiga stata. Hewa ilipanda, ikakisukuma kidole changu, ikakitupa.

Nilikinusa. Yalikuwa mafuta safi ya kiwandani, hayakuwa na harufu ya mtu yeyote.

"Badilisha," nikamwambia. "Leo leo. Usiniruhusu niondoke nalo hivi."